Zote Nyenje Tu

Rudishieni mlango, wanangu, ila dirisha liacheni wazi, maana nataka kusikia pipa la uani likitokota wakati nasema, na kama kuna jirani mwenye masikio marefu basi naye asikie, mimi sina tena la kuficha ila moja, na hilo nitalitoa mwenyewe pumzi ikiniruhusu. Kaeni. Mkubwa, acha kunipangusa jasho, kaa chini kama wenzako. Kitinda mimba, shika daftari uandike ninavyosema, usiniboreshee maneno, naujua ualimu wako, ukithubutu kusahihisha wosia wa mama yako nitaamka nikuchape. Na wewe wa kati, ambaye tangu ufike asubuhi umeegemea huo mlango kama mgeni anayeuliza njia, egemea hapo hapo kama ndivyo moyo wako unavyotaka. Miaka kumi na mmoja hujaingia chumba hiki. Sikukuita tukumbatiane, nimekuita usikie.

Sikilizeni wanangu. Jina langu la kwenye vyeti mnalijua, daktari analijua, na kwenye karatasi zote za serikali mtaliandika hilo. Lakini jina nililoishi nalo ni Nyenje. Alinipachika baba yangu, fundi wa mashine za kusaga nafaka, mtu aliyekuwa nusu kiziwi kwa ngurumo za mashine na bado alidai kwamba sauti pekee aliyoshindwa kuikwepa duniani ilikuwa yangu, kwa kuwa nilikuwa nasema tangu naamka mpaka nalala, na nikilala nasema ndotoni, kama yule mdudu wa kwenye nyufa asiyejua kunyamaza. Akirudi kazini, vumbi la unga hadi kwenye kope, anaita tangu njiani, "Nyenje wangu yuko wapi?" na mimi huyo, mbio. Sikuwa na viatu utotoni, sikuwa na kitanda changu peke yangu, lakini nilikuwa na jina ambalo mtu mzima aliliita kwa furaha. Ndiyo maana lilipokuja suala la kuipa sabuni jina sikufikiri mara mbili. Nilichukua kitu nilichokipenda kuliko vyote, nikakigandamiza kwenye mche wa sabuni, watu wakafulia soksi.

Mkubwa anakumbuka, ninyi wawili mlikuwa bado. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa bohari, na bohari ilipofungwa alikaa kwenye kiti cha kamba miezi minne anatazama ukuta kana kwamba ukuta ndio uliomfukuza kazi. Mimi nikaazima pipa. Nikamwendea mama mmoja mchemsha sabuni, akanifundisha nusu, nusu nyingine akaniachia niungue mwenyewe, na makovu haya ya mkononi si ya ugomvi, ni ya kostiki. Nikaungua, nikajua. Mafuta yakipoa kiasi ndipo unamimina maji ya kostiki, polepole, mkono mmoja unamimina na mmoja unakoroga, upande mmoja tu usigeuze, mpaka ukiinua mwiko uache mstari juu ya uji ule na mstari usizame. Unamwaga kwenye fremu, unafunika kwa magunia, kesho yake unakata miche kwa waya, kisha unaiacha rafuni wiki tatu. Wiki tatu, wanangu, si siku tatu. Halafu unaigusa kwa ncha ya ulimi, ikikuuma irudi rafuni, ikinyamaza ndipo unaipiga muhuri. Sabuni ile ya kwanza ilikuwa ngumu, rangi ya siagi, ukiisugua kwenye kola ya shati uchafu unajitoa wenyewe kwa aibu.

Muhuri alinichongea yule fundi mihuri wa karibu na posta, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimwambia achore nyenje, akachora, nikamwambia huyu ni mende, akaniambia mama, mende hana antena ndefu namna hii, nikamwambia antena anazo, akasema basi soma maneno, nani atakayemtazama mdudu? Tukacheka. Ukigeuza mche wowote wa siku zile utamkuta katikati kabisa, mende wangu mwenye jina la nyenje.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kuharibika kwa mambo hakukuja na ngoma, kulikuja na kicheko. Mnamkumbuka mke wa fundi cherehani, yule aliyekuwa akitembea kama anabeba mtungi hata akiwa mikono mitupu. Alikuja hapa uani siku moja ameshika kipande cha sabuni kwa vidole viwili, anasema hiki si nyenje, kimemwasha mikono mpaka viwiko, mwenye duka kamwibia. Nikakitazama. Kilikuwa changu. Mwenye duka aliukata mche vipande vinane kwa waya, kama walivyofanya wote, na muhuri uko katikati, kwa hiyo kipande kimoja au viwili ndivyo vinavyobaki na jina, vingine vyote ni mayatima. Nikaingia ndani, nikaukata mche mwingine wa pipa lile lile, nikamletea kipande chenye mende. Alikinusa, akafumba macho, akasema, "Hii ndiyo. Mtu hawezi kunidanganya mimi." Na viwiko vikapona kabla hajafika kwake. Nilicheka wiki nzima. Nilimwigiza mbele ya baba yenu mpaka akatoka kwenye kile kiti. Ningejua ningelia, maana siku ile nilijifunza somo baya, kwamba watu hawafui kwa sabuni, wanafua kwa jina, na mimi ndiye mwenye jina.

Basi likaenea. Kwanza mtaa huu, kisha ng'ambo ya reli, kisha miji ambayo sijaikanyaga. Mtu hasemi tena nataka sabuni, anasema nipe nyenje. Nikaona fahari. Kisha nikasikia mtu dukani anasema, "Nipe nyenje, kama hakuna ya njano nipe hiyo nyenje ya bluu," na ile ya bluu si yangu, inatoka sijui wapi, na mimi nimesimama nyuma yake na kikapu changu, nikaona fahari bado. Ikaja ya unga, wakaiita nyenje ya unga. Ikaja ya maji kwenye chupa, nyenje ya maji. Wakalifanya kitendo, shati hili halijanyenjewa. Wakalifanya tusi, na mtu akisutwa hadharani wanasema leo kanyenjewa. Na mimi, Mungu anisamehe, niliwapigia makofi. Ni mimi niliyemlipa mchoraji aandike kwenye kuta, kwa herufi kubwa nyeupe, UMENYENJEA LEO? Sikuandika jina langu ni nani wala sabuni yangu ni ipi. Niliwafundisha watu wote kulitumia jina langu bila mimi, kisha nikashangaa walipofaulu.

Alikuwepo aliyeniambia. Si mwanasheria, si msomi. Ni huyu aliyeegemea mlango. Wakati huo ana miaka ishirini na mbili, ndiye mkata miche wangu, miaka sita mkono wake kwenye waya. Aliniambia, "Mama, tuchonge muhuri mwembamba, tupige kila kipande. Na tuwaambie wenye maduka waseme sabuni ya Nyenje, wasiseme nyenje peke yake." Nikamuuliza, unataka nizuie watu wasiniite? Akasema, "Mama, wakiita kila sabuni nyenje, siku moja ya kwako haitakuwa na jina." Nikamjibu kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na nikamwambia mbele ya wapakiaji kwamba yai halimfundishi kuku. Walicheka. Naye akatia waya kwenye mche akaendelea kukata, masikio yamemwiva. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hakuna aliyetunga methali ya mkuu asiyesikia la mdogo, pengine kwa sababu wanaotunga methali ni wakuu.

Baada ya mwaka akaondoka. Kiwanda kikubwa cha ng'ambo ya reli kilikuwa kinatafuta mtu anayejua sabuni kwa mkono, akaenda, akapewa koti la kijivu lenye mfuko wa kalamu. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikasema nimemzaa, nimemfundisha waya, amewapelekea kiganja changu. Nililia, sikatai, nililia kama mtu aliyeibiwa.

Haikupita miaka miwili, kiwanda kile kikatoa sabuni yenye karatasi ya kung'aa, na juu ya karatasi, wanangu, limeandikwa NYENJE. Si nyenje ya bluu ya mdomoni mwa mtu dukani. Limechapwa, kwa wino, na umande umechorwa juu ya herufi. Nilisimama mbele ya rafu ile dukani, mwenye duka akaniuliza mama unataka ngapi. Fikirini mtu amevaa gauni lako, anakusalimia barabarani, anakuuliza hujambo. Nilikwenda kulalamika ofisi ya kusajili majina ya biashara, wakapanga siku ya kusikiliza. Mkubwa alibaki na pipa. Kitinda mimba ulikuwa shuleni. Baba yenu alinisindikiza, akakaa kwenye benchi la nje kwa sababu kifua kilikuwa kinambana. Kwa hiyo ndani tulikuwa mimi, msajili, karani wake, wakili wa kiwanda aliyekuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya asali, na mashahidi wao. Na shahidi wao mkubwa alikuwa mtoto wangu wa kumzaa.

Niliporudi jioni ile niliwasimulia nini? Mnalijua kwa moyo. Niliwaambia, kaka yenu aliulizwa mbele ya serikali kama anaweza kuitambua sabuni ya mama yake, akasema, "Siwezi kuzitofautisha, mheshimiwa. Zote ni nyenje tu." Niliwaambia kwa neno hilo moja ametuuza. Mkubwa, wewe ulivunja kikombe chake cha chai kwenye sakafu ile pale. Na tulishindwa shauri, hiyo kweli, wakaamua jina limekwisha kuwa la watu wote, kama maji na chumvi, yeyote aandike atakavyo. Tangu siku hiyo kaka yenu akawa hatajwi humu. Alipooa, mkubwa, uliirudisha zawadi aliyokutumia na kamba yake haijafunguliwa. Kitinda mimba, ulivuka barabara usikutane naye, uliniambia mwenyewe na mimi nikakusifu. Ana binti wa miaka tisa ambaye sijamshika. Nimeishi na neno lile, zote ni nyenje tu, nimelilalia na kuliamkia, kila ninapolisikia jina langu likiitwa dukani nalisikia kwa sauti yake.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Mwezi uliopita, pale hospitali, muuguzi mmoja binti mdogo ana kadi mkononi aliniuliza, bibi, nyumbani wanakuitaje, nikuite hivyo hivyo usijisikie mgeni. Nikamwambia, Nyenje. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Bibi jamani, wamekupa jina la sabuni!" Nikamwambia hapana mwanangu, ni sabuni iliyopewa jina langu. Akanipapasa bega namna unavyomtuliza mtu aliyechanganyikiwa, akaandika kitu kwenye kadi. Nililala pale natazama dari, nikasema leo ndio mwisho, hata nikidai mimi ni mimi naonekana nina homa. Nikawahesabu wote walionisaliti, kiwanda, wakili, wenye maduka na waya zao, na nikamweka mtoto wangu wa kwanza kabisa kwenye orodha. Halafu kitu ndani yangu kikaniuliza, na wewe je, uko namba ngapi? Sikulala usingizi tena. Ndipo nikamwambia kitinda mimba amtafute kaka yake.

Sasa nasema lile moja. Kitinda mimba, andika taratibu, usiruke.

Lile gunia la unga mweupe, unga wa mawe, mkubwa unalijua. Usiinamishe kichwa, mimi ndiye niliyekuamuru. Mafuta yalipoadimika tulitia bakuli moja kwa pipa, tukasema ni la kuvukia. Mafuta yalirudi, bakuli halikuondoka. Likawa mawili, likawa manne. Wiki tatu za rafuni zikawa mbili, zikawa siku sita. Na hakuna aliyelalamika! Mke wa fundi cherehani alinunua, akanusa, akafumba macho. Nikasema kumbe jina linatosha. Mimi mwenyewe niliacha kufua nguo zangu, nilikuwa na msichana wa kufua, kwa hiyo hata mikono yangu haikupata nafasi ya kuniambia. Nikitaja Nyenje moyoni nilikuwa naiona ile ya kwanza, ngumu, rangi ya siagi. Ilikuwa imekufa zamani, na mimi natembea na jina lake mdomoni.

Siku ya shauri, wakili yule wa sauti ya asali alileta sahani nyeupe. Juu yake vipande vitano vya sabuni, vimekatwa sawasawa, havina karatasi, havina muhuri, kila kimoja kina namba, na majibu yamo kwenye bahasha iliyofungwa iko mbele ya msajili. Akasema, kwa adabu zote, "Mama, umesema hakuna Nyenje ila yako. Tuonyeshe yako ni ipi." Nilitabasamu. Naapa nilitabasamu. Nilinusa moja moja, nikapitisha kidole gumba, nikagusa kwa ncha ya ulimi kama nilivyofundishwa. Namba nne ilikuwa ngumu, inateleza vizuri, rangi ya siagi, imenyamaza ulimini. Nikaiinua juu, msajili aione. Nikasema, hii hapa, hata gizani ningeijua, hii ndiyo mimi.

Kisha wakamwita kaka yenu, maana alikuwa ameikata sabuni yangu miaka sita, wakamuuliza lile lile. Alikuja mezani. Hakunusa, wala hakugusa kwa ulimi. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye namba mbili, kile kipande kilichopauka, chenye chembechembe, ambacho mimi nilikiweka kando mwanzo kabisa kwa sababu nilikidharau. Vidole vyake viwili vilikishika. Halafu akainua macho akanitazama, akaona mimi nimeshika namba nne, bado nimeinua mkono, bado natabasamu. Wanangu, sijawahi kutazamwa hivyo na mtu. Alielewa kila kitu palepale, na mimi nikamwona anaelewa. Akarudisha mkono wake mfukoni mwa lile koti la kijivu. Na hapo ndipo aliposema, "Siwezi kuzitofautisha, mheshimiwa. Zote ni nyenje tu."

Bahasha ikafunguliwa. Namba nne ilikuwa ya kiwanda. Namba mbili ilikuwa yangu.

Subiri, mkubwa. Subiri, usiinuke, niache nimalize kabla pumzi haijanitoroka. Angesema namba mbili angekuwa amesema kweli, na pengine jina lingebaki kwetu, maana ingeonekana yuko mtu anayeijua Nyenje na kuitofautisha. Lakini wakili angemuuliza, umejuaje wakati mama mwenyewe hakujua? Na angelazimika kujibu, nimejua kwa sababu hii ina unga wa mawe, mama yangu anawachakachulia watu. Mbele ya serikali, mbele ya yule karani anayeandika, na kesho yake mji mzima ungejua. Kwa hiyo alichagua kuonekana mjinga wa sabuni, na msaliti juu yake, ili mimi nionekane nimekosea kama ambavyo mtu yeyote angekosea. Alilipoteza jina ili ainusuru sura yangu. Mimi nikatoka pale, nikamkuta baba yenu kwenye benchi, akaniuliza imekuwaje, na neno la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa, "Mwanao ameniuza."

Lilinitoka jepesi hivyo. Na lilipokwisha kutoka sikuweza kulirudisha, kila mlipolirudia ninyi nililiona linazidi kuwa kweli, mpaka nikalisadiki mwenyewe, na uchungu wa kusalitiwa nimeuhisi kweli kweli, wanangu, miaka yote hii, sikuigiza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Naye hakuniumbua. Angeweza kuwaandikia barua moja tu, mkubwa, mistari miwili, hakuandika.

Na liko zaidi. Baba yenu alipokuwa amelala kitanda hiki hiki, siku zake za mwisho, aliniuliza kijana wa kati yuko wapi. Nikamwambia nimemtumia habari, hataki kuja. Sikutuma habari yoyote. Niliogopa wakikaa wawili peke yao atamwambia. Baba yenu alifariki akijua ana mtoto aliyemkataa. Hilo sina methali ya kulifunika.

Andika sasa, kitinda mimba. Kwenye sanduku langu, chini ya mashuka, kuna barua ya uamuzi wa msajili, yenye muhuri wa serikali. Imeandikwa humo kwamba mlalamikaji mwenyewe aliitambua bidhaa ya mshindani kuwa ni yake. Mtaisoma kwa sauti, wote watatu, siku ya kunizika, watu wakiwa bado wamekaa. Ndiyo, wote. Na mke wa fundi cherehani kama bado anatembea aitwe akae mbele.

Nyumba hii ni yenu watatu, hakuna mwenye chumba kikubwa kuliko mwenzake. Pipa, fremu na rafu ni vya mkubwa, kwa kuwa mgongo wake ndio uliopinda pale, lakini gunia la unga mweupe limwagwe leo, leo hii, nikiwa nasikia. Mkirudia wiki tatu za rafuni, endeleeni kuchemsha. Mkiona hamwezi, fungeni, uzeni pipa, wala msinililie. Nyenje msiandike tena popote. Sina jina la kuwaachia, wanangu, watu wamekwisha kulirithi kabla sijafa. Itafutieni sabuni jina jingine, la kitu msichokipenda sana. Na kabla mche wowote haujatoka hapa, mkubwa, mpelekee huyu auguse. Akisema upo sawa, utoke. Akikataa, usitoke hata kama mimi ningesema utoke.

Nishikeni begani, mniinue kidogo. Hivyo. Naona dirisha limekuwa mbali... si kitu.

Nawabariki. Mkubwa, Mungu akupe mgongo mwepesi na watu wa kukuambia ukweli mapema. Kitinda mimba, akupe wanafunzi wanaokubishia, na moyo wa kuwasikiliza. Na wewe... wewe sikubariki bado. Sina haki ya kukunyooshea mkono wa baraka kabla... ngojeni, nipumue.

Mkubwa, naona macho yako. Una hasira. Nimekulisha chuki ya ndugu yako miaka yote hii, na ulikula kwa sababu ni mama aliyepika. Kasirika. Una haki. Ila hasira zako nimwagie mimi, sasa hivi, nikiwa bado nina masikio, usije ukazibeba zote kaburini kuzungumza na udongo. Na wewe pia, kitinda mimba, weka kalamu chini. Yatosha kuandika.

Sogeeni... mwacheni apite. Njoo, mwanangu, toka hapo mlangoni. Karibu zaidi, sikuoni vizuri... Sikuombi useme umenisamehe, sitaki unidanganye ili nife vizuri, umekwisha kunisitiri mara moja na tazama nilivyokulipa. Safari hii usinisitiri. Sema unachokiona. Niite mama kwanza... mara moja tu, nisikie... halafu uniambie yote.